Hekalu la South Bridge Road: nani aliliweka katikati ya mtaa wa Wachina?

Baharia mmoja wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Meli yetu ilipotia nanga Singapore nilipata nusu siku ya kutembea mjini. Katikati ya mtaa wa Wachina, penye taa nyekundu na maduka ya dawa za mizizi, nikakuta hekalu la Wahindu lenye mnara uliojaa sanamu za rangi. Hatua chache mbele yake kuna msikiti. Kijana aliyekuwa akitembeza watalii akasema serikali iliyaweka pamoja makusudi, ili dunia ione kuwa dini zote zinapatana pale. Ni kweli? Na mbona halifanani hata kidogo na mahekalu yetu ya Kisutu, Dar es Salaam?"

Marahaba, mwanangu. Hekalu uliloliona ni Sri Mariamman, la Barabara ya South Bridge, nalo ndilo kongwe kuliko mahekalu yote ya Kihindu Singapore. Msikiti ni Jamae, na kati yake na hekalu kuna kipande kifupi tu cha mtaa. Alichosema yule kijana si kweli. Nimekisikia mara nyingi, na kila nikikisikia nasikitika, kwa sababu kinawapokonya watu jambo walilolifanya kwa fedha na jasho lao na kumkabidhi sifa mtu ambaye hakuwepo. Singapore ilipopata uhuru wake mwaka 1965, hekalu lile lilikuwa na karibu miaka 140.

Habari yake inaanza na mtu mmoja, Naraina Pillai. Alikuwa Mtamil, mtu wa India ya kusini, aliyekuwa akifanya kazi Penang, kisiwa cha upande wa kaskazini wa mlango-bahari wa Malaka ambacho Waingereza walikishika kabla ya Singapore. Mei 1819 alipanda meli iliyoitwa Indiana, iliyokuwa ikimrudisha Stamford Raffles, Mwingereza aliyeuanzisha mji, Singapore kwa mara ya pili. Raffles alikuwa ametua pale kwa mara ya kwanza Januari ya mwaka huo huo, kwa hiyo mji wenyewe ulikuwa na umri wa miezi. Pillai aliona lililowapita wengi: kila mtu anataka kujenga, na hakuna matofali. Akafungua tanuri la matofali Tanjong Pagar, la kwanza katika mji ule. Halafu akafungua duka la nguo za pamba Cross Street. Mwaka 1822 moto ukaliteketeza, akabaki na madeni. Alikwenda kwa Raffles, akapewa kiwanja eneo la biashara, akaanza upya. Wahindi wenzake wakamtambua kuwa kiongozi wao, na kiongozi wa watu walio ugenini hana budi kuulizwa swali lile lile: tutaabudu wapi?

Wenyewe hawakuwa wengi. Hesabu ya 1821 inataja Wahindi 132 tu katika mji wa watu wapatao 4,700. Hata hivyo Pillai alikwenda kuomba kiwanja cha hekalu, na hapa ndipo penye jibu la swali lako, kwa hiyo nivumilie nilieleze polepole.

Kwanza walimpa kiwanja Telok Ayer. Wakati ule Telok Ayer ilikuwa ufuoni. Leo bahari iko mbali kwa sababu ufuo ulifukiwa baadaye katika karne ile ya 19. Palikuwa pahali pazuri kwa wanaoshuka majahazini, lakini hapakuwa na maji baridi ya kutosha. Hekalu la Kihindu haliendi bila maji. Sanamu zinaogeshwa, sakafu inaoshwa, muumini ananawa miguu kabla ya kuingia, na kila ibada ina kumimina na kunyunyiza. Maji ya chumvi hayafai. Pillai akakikataa kiwanja.

Mwaka 1821 William Farquhar, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa mji, akamruhusu akae kwenye kiwanja kingine karibu na Mfereji wa Stamford. Maji hapo yalikuwapo. Lakini mwaka uliofuata Raffles akaamuru mji wote upangwe upya, na ramani ile, inayojulikana kwa jina la mhandisi aliyeichora, Jackson, ikalipangia eneo lile kazi nyingine. Pillai akakosa tena. Ni mwaka 1823 tu ndipo alipopewa rasmi kiwanja cha South Bridge Road. Mwaka 1827 hekalu likasimama: mbao na makuti. Mwenye tanuri la matofali aliabudu chini ya makuti, na hilo linatuonyesha kwa kiasi fulani fedha zilivyokuwa haba.

Ndani yake aliweka sanamu ndogo ya mungu wa kike Mariamman, inayoitwa Sinna Amman, yaani Mama Mdogo. Sanamu hiyo hiyo ingali katika chumba kikuu cha hekalu mpaka leo. Kuta zimebadilishwa na paa limebadilishwa, yeye yupo.

Sasa ile ramani ya Jackson. Iliwagawa watu kwa makabila na mataifa, kila kundi na upande wake: Wazungu kwao, Waarabu na Wabugi, wafanyabiashara wa Sulawesi, kwao karibu na Sultani wa Wamalay, Wachina kusini magharibi mwa mto, na Wachulia, Waislamu wa pwani ya Coromandel huko India ya kusini, upande huo huo wa mto ila juu zaidi. Kwenye karatasi mistari ilinyooka vizuri. Ardhini haikunyooka. Watu wa India walikuwa tayari wameshika maeneo ya Cross Street, Market Street na Chulia Street, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa karibu na mto, na mtoni ndiko kulikokuwa na kazi: kupakua mashua, kubeba mizigo, kubadilisha fedha, kuuza nguo. Wachettiar, watu wa ukoo wa wakopeshaji fedha kutoka nchi ya Watamil, walikaa Market Street na vijaluba vyao vya hesabu, wakikopesha Wachina, Wamalay na Wazungu bila kuchagua.

Ukitaka kuona jinsi watu wa India walivyokuwa wametapakaa pale, hesabu nyumba za ibada walizojenga ndani ya miaka michache tu. Msikiti wa Jamae ulianzishwa na Wachulia mwaka 1826, mwaka mmoja kabla ya hekalu. Msikiti wa Al-Abrar wa Telok Ayer ulifuata mwaka 1827. Mtaa huo huo, kati ya 1828 na 1830, wakajenga Nagore Dargah, kumbukumbu ya walii wao Shahul Hamid aliyezikwa Nagore, India. Wachina wa Hokkien walipoanza kulijenga hekalu lao kubwa la Thian Hock Keng mwaka 1839, lile analoabudiwa Mazu, mlinzi wa mabaharia wenzako, nyumba za ibada za watu wa India zilikuwa zimewazunguka.

Kwa hiyo hekalu halikupelekwa mtaa wa Wachina. Mtaa ndio uliokua ukalizunguka. Wachina waliingia kwa maelfu kutoka Fujian na Guangdong, majimbo ya kusini mwa Uchina, nyumba zikabanana, na njia za pembeni ya hekalu zikajaa. Pagoda Street, njia inayopita ubavuni mwake, katika karne ya 19 ilijulikana kwa nyumba ambamo makuli wapya wa Kichina walifungiwa wakisubiri kupelekwa kazini, na kwa pango za kasumba. Lakini angalia majina ya njia zenyewe: Mosque Street, kwa ajili ya msikiti, Pagoda Street na Temple Street, kwa ajili ya hekalu la Mariamman. Njia tatu za moyo wa mtaa wa Wachina zinaitwa kwa nyumba za ibada za Watamil. Yule kijana angekuonyesha vibao vile ungelipata jibu bila kuniandikia.

Wahindi walikwenda wapi? Hawakupungua, waliongezeka sana. Kumbuka kwamba Singapore ilitawaliwa kutoka Calcutta, huko India, hadi mwaka 1867. Askari, makarani, madobi na wauza maziwa walikuja na utawala huo. Kuanzia 1825 wakaletwa pia wafungwa kutoka India, wakachimba mitaro, wakafyatua matofali, wakajenga barabara, na hata Kanisa la Mtakatifu Andrea, lile jeupe la mjini, ni kazi ya mikono yao. Kufikia hesabu ya 1860 watu wa India walikuwa karibu 13,000 kati ya wakazi kama 82,000, wa pili kwa wingi baada ya Wachina. Ila ng'ombe na matanuri ya chokaa na matofali vilihitaji uwanda, na uwanda ulikuwa Barabara ya Serangoon. Polepole uzito wa maisha ya Kihindi ukahamia huko, panapoitwa leo Little India. Hekalu likabaki South Bridge Road, na waumini wakawa wanalifuata.

Na walikuwa na sababu ya kulifuata, zaidi ya sala. Mtu aliyeshuka melini hana ndugu wala kazi alilala hekaluni mpaka apate pa kushika. Kwa kipindi kirefu lilikuwa hekalu pekee la Singapore lililoruhusiwa kufungisha ndoa za Kihindu zinazotambuliwa na sheria, hivyo familia nyingi za Wahindu wa huko, hata zilizohamia mbali, zina babu na bibi waliooana pale.

Kuhusu Mariamman mwenyewe. Ni mungu wa vijiji vya India ya kusini, mama wa mvua na magonjwa. Watamil walimkimbilia hasa kwa ndui na kipindupindu. Jani lake ni la mwarobaini. Huko kwao, nyumba yenye mgonjwa wa ndui ilitundikwa majani ya mwarobaini mlangoni, na mgonjwa akalazwa juu yake. Mti huo tunao sisi pwani nzima, nao pia ulitoka India, kwa hiyo huna haja ya kuelezwa uchungu wake. Katika mji wa bandari wa karne ya 19, wenye kinamasi, makuli waliorundikana na meli zinazoingia na maradhi ya kila pwani, unaweza kuelewa kwa nini watu 132 walianza na mungu huyu na si mwingine.

Jengo unaloliona halikujengwa siku moja. Sehemu kongwe zaidi za matofali ni za mwaka 1843, na mengi yaliongezwa miaka ya 1862 na 1863. Inaaminika kuwa nakshi za chokaa zilifanywa na mafundi kutoka Nagapattinam na Cuddalore, miji ya pwani ya Watamil. Mnara wa kwanza juu ya lango ulijengwa mwaka 1903, nao ulikuwa na ngazi tatu tu. Mwaka 1910 moto uliunguza paa la makuti lililofunika njia kati ya lango na chumba kikuu; mwaka 1915 ikajengwa njia ya kudumu, na waliochora ramani yake walikuwa Swan & Maclaren, kampuni ya Waingereza iliyochora pia majengo mengi makubwa ya mji ule. Mnara wa sasa, wa safu sita za sanamu, ni wa mwaka 1925, na wingi wa sanamu hizo uliongezwa kwenye matengenezo ya miaka ya 1960. Watalii wanaupiga picha wakidhani ni wa kale sana. Ni mdogo kuliko hekalu kwa karibu miaka mia moja.

Lango lenyewe nakusihi ulitazame kwa karibu ukirudi. Milango yake miwili mikubwa ya mbao imepigiliwa vikengele vidogo vya rangi ya dhahabu, safu juu ya safu. Muumini anapoingia anavigusa vilie, kama anayebisha hodi. Viatu vinabaki nje. Ukishaingia, chumba kikuu ni cha Mariamman, na pembeni yake wamo miungu Rama na Murugan. Kuna pia chumba cha Draupadi, wa pili kwa heshima hekaluni. Huyu ni mke wa ndugu watano wa Pandava katika utenzi mkuu wa Wahindu, Mahabharata, ambaye Watamil husimulia kuwa alipita motoni ili kuthibitisha usafi wake.

Kwa ajili yake ndiyo inafanyika ibada ya Theemithi, ya kutembea juu ya makaa. Hekalu hili limekuwa likiifanya tangu miaka ya 1840. Inaangukia Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kama wiki moja kabla ya Diwali. Waumini hufunga na kujiandaa kwa majuma mengi. Usiku wa siku yenyewe wanaanza kwenye hekalu la Sri Srinivasa Perumal, Barabara ya Serangoon, na kutembea kama kilomita nne miguu mitupu katikati ya mji. Wamefunga uzi wa manjano mkononi na wameshika majani ya mwarobaini. Wakifika, kuhani mkuu anatangulia kuvuka shimo la makaa, wanaume wanamfuata mmoja mmoja, na mwisho wa shimo kuna birika la maziwa la kutia miguu. Wanawake hapa hawavuki. Wao hulizunguka shimo. Nimeitaja ibada hii kwa sababu safari ile ya usiku inaunganisha kila mwaka mtaa ambao Wahindi walihamia na ule walioanzia.

Serikali basi ilikuwa wapi? Ilikuwapo, ila kwa namna tofauti na aliyokuambia kijana. Mwanzoni mwa karne ya 20 usimamizi wa mali za nyumba za ibada ulikuwa na malalamiko mengi, na utawala wa kikoloni ukatunga sheria ya kuunda bodi moja ya wakfu za Waislamu na Wahindu. Bodi hiyo ilichukua usimamizi wa Sri Mariamman mwaka 1907. Dini mbili, bodi moja, na waliokuwa na kauli ya mwisho ni maofisa wa Kiingereza. Baada ya uhuru wakfu zikatenganishwa: Bodi ya Wakfu za Wahindu ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpaka sasa ndiyo inayoendesha hekalu hili pamoja na mengine matatu. Mwaka 1973 likatangazwa kuwa jengo la urithi wa taifa, na msikiti wa Jamae ukafuata mwaka 1974. Hilo ndilo serikali ililolifanya: iliyakuta, ikayalinda. Na katika nchi iliyobomoa mitaa mizima miaka ile ya 1960 na 1970 ili kujenga maghorofa, kulindwa si jambo dogo. Ninaipa sifa yake.

Kulindwa kwa sheria hakutoshi, lakini. Kwa desturi hekalu hukarabatiwa kila baada ya miaka 12 hivi na kutakaswa upya kwa ibada kubwa ambayo maji matakatifu humiminwa juu ya minara. Sri Mariamman ilitakaswa mwaka 1936, halafu 1949, 1977, 1984, 1996, 2010, na mara ya mwisho Februari 2023. Gharama hizo hubebwa kwa michango ya waumini. Wahindu ni kama asilimia 5 tu ya wakazi wa Singapore walio na umri wa miaka 15 na zaidi kwa sensa ya 2020, na hawajaacha zamu.

Swali lako la Kisutu ni zuri kuliko ulivyodhani. Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wengi wao asili yao ni Gujarat na Kutch, kaskazini magharibi mwa India, waliokuja na majahazi ya pepo za kaskazi kwa biashara. Desturi yao ya ujenzi huinua mnara juu ya chumba chenye sanamu kuu, mnara wa kupinda na kuchongoka kama ule unaoonekana Hurumzi, Mji Mkongwe. Watamil wa kusini hufanya kinyume: mnara mkubwa unawekwa juu ya lango, umejaa sanamu kutoka chini hadi juu, ili hata aliye mbali au asiyeingia auone na kuinamisha kichwa. Ni dini moja, ila bahari ile ile iliwapeleka watu wa pwani mbili tofauti za India pande mbili tofauti.

Meli ikirudi huko na ukapata tena nusu siku, usiishie South Bridge Road. Nenda Waterloo Street, kwenye hekalu la Sri Krishnan lililoanzishwa mwaka 1870. Karibu yake kabisa kuna hekalu la Kichina la Kwan Im, mungu wao wa huruma, lenye watu tele. Wachina wakitoka kuomba kwa Kwan Im wengi wao hupitia pia kwa Krishna, na mbele ya hekalu la Wahindu utakuta chetezo cha kuchomekea udi wa Kichina. Kama unatafuta mahali ambapo dini zimekaribiana bila kupangwa na ofisi yoyote, nenda hapo asubuhi, kabla jua halijawa kali, uone nani anaingia kwa nani.